Mashine, uzi na nauli ya meli: kisa cha mama wa Ukerewe

Mama huyu ana miaka 54, anaishi Ukerewe, kisiwa cha Ziwa Viktoria, na kazi yake ni dagaa. Alfajiri anapokea ndoo kutoka mitumbwini, anaanika, mchana kutwa anageuza kwa mkono wa kulia, jioni anapakia magunia ya kuvushwa Mwanza. Mimi ndiye daktari niliyempasua, na kisa hiki ni cha kuchagua kati ya mashine ya kuziba mishipa na uzi wa kawaida. Naanza na mkono huo wa kulia kwa sababu saratani yake ilikuwa titi la kulia, na karibu kila uamuzi nitakaoueleza hapa uliugusa. Mambo kadhaa ya kumtambulisha nimeyabadilisha. Mwenyewe ameridhia kisa kiandikwe, na ameomba niseme wazi kwamba alichelewa kuja kwa sababu ya woga, ili mwingine asichelewe.

Alichelewa kweli. Uvimbe aliuhisi akioga, akakaa nao miezi minane akidhani ni jipu la ndani, akapaka dawa alizopewa na majirani. Alipofika kwetu ulikuwa wa sentimita 6, ngozi juu yake imeanza kuvutwa ndani, na kwapani zilishikika tezi mbili ngumu ambazo bado zilisogea chini ya vidole. Tulichukua kinyama kwa sindano nene. Majibu ya patholojia: saratani, vipokezi vya homoni vipo, HER2 (protini inayoharakisha ukuaji wa saratani) haipo. Picha ya kifua na ultrasaundi ya ini hazikuonyesha kwamba imesambaa. Kikao cha saratani kikakubaliana aanze na dripu za kemo, afuate upasuaji, kisha mionzi, halafu vidonge vya homoni kwa miaka.

Kemo ilifanya kazi yake. Uvimbe ukashuka hadi sentimita 3. Kwapani, tezi moja bado ilikuwepo, na hapo njia ikawa moja: kutoa titi lote pamoja na kusafisha kwapa. Kama kwapa lingekuwa safi tangu mwanzo, tungetafuta tezi mlinzi, ile ya kwanza kupokea maji kutoka kwenye titi, kwa rangi ya bluu na kuziacha nyingine mahali pake, na sehemu kubwa ya makala hii isingehitajika. Hakuna kifaa kinachopunguza madhara ya kusafisha kwapa kuliko kutolisafisha, pale inaporuhusiwa. Kwake haikuruhusiwa.

Jioni kabla ya upasuaji, kijana wake wa kwanza alinifuata kwenye korido.

"Shikamoo dokta."

"Marahaba. Mama ameshakula?"

"Amekula. Dokta, tumeambiwa hapa wodini kuna mashine ya kisasa ya kuziba mishipa. Mtu hatoki damu, wala hakai na ule mpira. Sema bei tu. Mashine ya boti nimeshaipatia mteja."

Nilimwomba tukae kwenye benchi. Mvuvi anayeuza mashine ya boti ameuza mshahara wa nyumba nzima, na nilitaka ajue anachokinunua. Alichoambiwa kilikuwa na ukweli ndani yake, ila haukufika mbali kiasi hicho.

Tatizo lenyewe ni hili. Ukishatoa titi na mafuta ya kwapani, kunabaki uwazi kati ya ngozi na msuli. Ndani ya uwazi huo kuna mamia ya mishipa midogo iliyokatwa, ya damu na ya limfu. Ya damu hujiziba haraka, kwa kuwa damu ina chembe zake za kugandisha. Maji ya limfu hayana chembe hizo, na protini yake ya kugandisha ni kidogo, kwa hiyo mshipa wa limfu uliokatwa unaweza kuvuja siku nyingi. Yale majimaji yakijikusanya tunayaita seroma. Yenyewe haiui. Inavuta ngozi, inaweza kuingia wadudu, inachelewesha kidonda, na ikichelewesha kidonda inachelewesha mionzi. Tafiti zinataja kiwango chake kuanzia wagonjwa 3 kati ya 100 hadi 85 kati ya 100. Tofauti kubwa namna hiyo inatokana kwa sehemu na kwamba kila mwandishi ana maana yake ya seroma: mmoja anahesabu hata ile inayoonekana kwenye ultrasaundi peke yake, mwingine anahesabu ile iliyolazimika kuvutwa kwa sindano.

Njia ya kawaida ni wembe au mkasi, dayathemi, na uzi. Dayathemi ina karibu miaka 100: tarehe 1 Oktoba 1926, mjini Boston, daktari wa upasuaji Harvey Cushing alikitumia kwenye chumba cha upasuaji kifaa kilichotengenezwa na William Bovie, na tangu hapo vyumba vya upasuaji duniani vikabadilika. Umeme unapita kwenye ncha ya chuma, nyama inakatwa na damu inaganda kwa pamoja. Joto lake huvuka nyuzi 150 na linaweza kukaribia 400, kwa hiyo mafuta ya pembeni nayo yanaungua. Tafiti zilizolinganisha wembe na dayathemi katika kuinua ngozi ya titi zilionyesha jambo ambalo daktari wa upasuaji hafurahii kulisikia: dayathemi inapunguza damu lakini inaongeza seroma. Yaani tunachookoa mezani tunakilipa wodini.

Vifaa vya kuziba mishipa vimekuja kujibu hilo, na viko vya aina mbili kubwa. LigaSure ni koleo linalobana mshipa, umeme ukapita kati ya taya zake mbili tu, huku mashine ikipima ukinzani wa nyama na kujizima yenyewe ikishatosheka. Kuta mbili za mshipa zinaungana, kolajeni na elastini, yaani protini za kuta hizo, vikayeyukiana kuwa utepe mwembamba ung'aao, kisha wembe ulio ndani ya taya unakata katikati. Unaweza kuziba mshipa wa hadi milimita 7. Harmonic haipitishi umeme kwenye nyama kabisa: ncha yake inatetemeka mara 55,500 kwa sekunde, na msuguano huo unageuza protini kuwa gundi, kwenye joto la nyuzi 50 hadi 100 hivi. Zote mbili zinaunguza nyama ya pembeni kidogo kuliko dayathemi, na hazihitaji kubadilisha chombo kila dakika.

Je, zinapunguza seroma? Kwa Harmonic, tafiti zilizojumlishwa pamoja zinaelekea kusema ndiyo katika upasuaji kama huu wa titi na kwapa: damu kidogo zaidi, majimaji machache kwenye dreni (ule mpira wa kutolea majimaji), seroma chache. Majumuisho ya mwanzo hayakuona tofauti. Yaliyofuata, yenye wagonjwa wengi zaidi, yameiona. Kwa LigaSure picha ina mawingu zaidi, kwani wengine wamepata siku chache za dreni na wengine hawakupata chochote. Muda wa upasuaji wenyewe haupungui kwa kiasi cha kutikisa mtu. Na tafiti nyingi katika kundi hili ni ndogo, za hospitali moja, ambapo daktari anajua fika ameshika nini mkononi.

Hapo ndipo nilipomwambia kijana: mpira atakaa nao vyovyote vile, mashine iwepo isiwepo. Nilimwona akishusha mabega.

Lakini kuna hesabu moja ambayo sijaiona kwenye tafiti hizo, na kwetu huku Kanda ya Ziwa ndiyo inayouma. Wao wanapima dakika za chumba cha upasuaji, bei ya kishikio (ile sehemu ya mashine anayoishika daktari, yenye taya au ncha), usiku wa kulala wodini. Mgonjwa wa Ukerewe akipata seroma baada ya kurudi nyumbani, kila mililita 100 anayovutwa ni nauli ya meli kwenda na kurudi, mtu wa kumsindikiza, siku mbili dagaa hawajageuzwa, pengine ziwa limechafuka na safari imesogezwa. Kwa mtu anayeishi Nyegezi, hapa hapa Mwanza, seroma ni daladala na asubuhi moja. Ugonjwa ule ule, bei mbili tofauti kabisa. Kwa hesabu hiyo kifaa ghali kinaweza kuwa rahisi kwa mtu wa visiwani, na hili nalisema bila kusita, ingawa mwishoni sikukitumia.

Sababu za kutokitumia zilikuwa mbili. Ya kwanza ni fedha zenyewe. Mashine inaweza kuwepo, lakini kishikio ni cha mgonjwa mmoja, na familia ilikuwa inalipa taslimu. Mbele yao walikuwa na mionzi, vidonge vya homoni vya miaka, na mahali pa kulala Mwanza wiki zote za mionzi. Vitu hivyo ndivyo vinavyoamua kama mama atakuwa hai miaka kumi ijayo. Seroma haiamui hilo. Mashine ya boti ikiuzwa kwa ajili ya kishikio, na mionzi ikakosa nauli, nitakuwa nimemsaidia kufa akiwa na kidonda kizuri.

Sababu ya pili haipendezi kuandikwa. Chumbani kilikuwepo kishikio kingine, kilichokwisha kutumika kwa wengine, kikaoshwa na kutakaswa. Nilipewa nikitumie bure, kwa nia njema kabisa. Kazi hii inafanyika sehemu nyingi zenye uhaba na ninajua inatokana na nini. Nilikikataa. Taya zikishachakaa hazibani sawasawa, na utepe unaoonekana umeziba unaweza kufunguka saa sita baadaye, mgonjwa akiwa wodini chini ya shuka. Uzi uliofungwa vibaya mara nyingi unajionyesha papo hapo, ukiwa bado umesimama hapo. Kati ya kifaa kizuri kilichochoka na uzi mpya, nachagua uzi.

Upasuaji ulichukua saa mbili na dakika 25. Ngozi niliiinua kwa mkasi na wembe kadiri nilivyoweza, dayathemi ikiwa kwenye nguvu ndogo, kwa vitone vya damu tu. Kwapani niliiweka pembeni kabisa. Ukishafungua utando wa kwapa, mshipa mkubwa wa vena unajitokeza, wa bluu, unapanda na kushuka na pumzi za mgonjwa, na chini yake vinaning'inia vijitawi vyembamba kama mizizi ya gugumaji. Kila kijitawi nilikizungushia uzi wa kuyeyuka, fundo, fundo, kata. Tulihesabu mafundo 23. Vifuko vya limfu vilivyoonekana kwa macho navyo nilivifunga, hata vile ambavyo mkono ulitamani kuvipitisha kwenye dayathemi ili kazi iishe.

Katikati ya hapo umeme ulikatika. Jenereta ilichukua muda wake. Kuna ukimya fulani wa sekunde hizo ambao kila aliyefanya kazi ya upasuaji anaujua: sista ameshaangaza kwa simu kabla hujamwomba, daktari wa usingizi anabana mfuko kwa mkono na kuhesabu kwa sauti, na wewe kidole kimekandamiza shashi. Nilikuwa na uzi nusu fundo. Nilimalizia kwa kupapasa. Silisimulii kwa kujisifu, ila ninafundisha vijana, na ninahofia tunakoelekea: atakayejifunzia kazi hii kwenye mashine tangu siku ya kwanza, sekunde zile atakuwa hana mkono.

Neva mbili za kwapa tuliziona na kuzilinda: ile ndefu inayoshika bega lisinyanyuke nyuma kama bawa, na ile inayokwenda kwenye msuli mpana wa mgongo. Daktari wa usingizi alikuwa ameacha dawa ya kulegeza misuli iishe mwilini, hivyo kila nilipoigusa neva kidogo kwa koleo, msuli wake uliruka. Katika eneo hili vifaa vya kuziba navyo vinadai adabu. Ncha ya Harmonic hubaki na moto sekunde kadhaa baada ya kuachia kitufe, na ukiilaza juu ya neva au vena kwa kusahau, hakuna utafiti utakaokuokoa.

Kisha nikafanya jambo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo lililombeba mama huyu. Badala ya kufunga ngozi na kuiachia dreni kazi yote, nilishona ngozi kwenye msuli kwa ndani, mstari baada ya mstari, kila mshono sentimita 3 kutoka kwa mwenzake, hadi kwapani. Ni kama godoro la pamba linavyopigwa mishono katikati ili pamba isihame. Uwazi ukishaondoka, majimaji hayana pa kukaa. Madaktari wa Uholanzi wamelipima hili kwenye majaribio, na wagonjwa walioshonwa hivyo walipata seroma za kuhitaji sindano chache kuliko wenzao. Gharama yake ni uzi na dakika 20 hivi. Ngozi huonekana na vishimo wiki za mwanzo. Nilimweleza mapema asije akashtuka mbele ya kioo.

Patholojia ilipata tezi 17, tatu zikiwa na saratani. Kingo za kidonda zilikuwa safi.

Alitoka wodini siku ya tatu, akaenda kwa dada yake Igoma, mjini Mwanza, akiwa na dreni. Dada alimshonea mfuko wa kitenge wa kuivaa shingoni, na binti wa darasa la sita ndiye aliyekuwa mwandishi wa vipimo kwenye jalada la daftari: 160, 140, 115, 90, 60, 45, 28, 25. Kanuni yetu ni chini ya mililita 30 siku mbili mfululizo. Siku ya nane, dreni ikatoka. Siku ya kumi akapanda meli.

Siku ya 16 akanipigia simu. "Mwanangu, huku kwapani kuna kitu kinachezacheza kama maji kwenye kiroba." Hospitali ya wilaya walimvuta mililita 70, maji ya njano, safi. Wiki iliyofuata 30. Kisha ikaisha. Mionzi aliianza Hospitali ya Bugando, Mwanza, wiki ya sita, na namshukuru Mungu kwamba mtu wa Kanda ya Ziwa siku hizi halazimiki kufunga safari hadi hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, kwa ajili hiyo.

Sasa, seroma ile ndogo ilitoka wapi? Ningeweza kusema ni kwa kukosa kifaa na kuishia hapo. Nilipomwuliza vizuri alipokuja mionzi, aliniambia siku ya 13 alirudi kwenye chanja za kuanikia dagaa. Nilihamaki kidogo. Nilikuwa nimemwambia asifanye kazi nzito mwezi mzima, na karatasi aliyopewa ilisema hivyo hivyo. Akanijibu kwa upole: "Kugeuza dagaa nako ni kazi nzito? Kazi nzito si kubeba gunia?" Alinishinda. Mkono ule unafagia huku na huku mara mia kadhaa kwa asubuhi moja, bega likivuta ngozi ambayo bado haijashikamana na msuli. Kosa ni langu. Maelekezo yangu yalikuwa ya mtu wa ofisini, na mgonjwa wangu ni mtu wa dagaa. Siku hizi nauliza kwanza mtu anafanya nini kwa mikono yake, kisha naitaja kazi hiyo kwa jina: kugeuza dagaa, kupalilia, kukamua, kufua.

Kosa la pili: nilimruhusu avuke siku mbili tu baada ya kutoa dreni. Seroma nyingi hujitokeza ndani ya wiki ya kwanza au ya pili. Dada wa Igoma alikuwa tayari kumkalisha wiki nzima zaidi, na mimi sikuuliza.

Mashine ya boti haikuuzwa. Kijana alinionyesha picha yake kwenye simu, ikiwa nyuma ya mtumbwi, siku aliyomleta mama kwa mionzi ya mwisho.

Kuhusu mashine ile nyingine, sijafunga mlango. Miezi michache baadaye nilimpata mgonjwa mwingine, mama mnene, tezi za kwapani zimeshikamana bonge moja, anayeishi kisiwa cha mbali kuliko hata Nansio, mji mkuu wa Ukerewe, na asiye na ndugu wa kumlaza mjini. Bima yake ilikubali kishikio kipya. Nilikitumia kwapani, nikabakiza uzi kwa vijitawi vilivyo karibu na vena kubwa, nikashona ngozi kwenye msuli vilevile kama godoro. Dreni ilitoka siku ya sita na seroma haikuja. Nilipowasimulia wenzangu kwenye kikao cha asubuhi, mmoja aliuliza ni kipi kilichosaidia, kishikio au mishono. Nilimjibu kwamba kwa mgonjwa huyu mmoja sina namna ya kuvitenganisha, na kwamba safari ijayo, yeyote akikosa kishikio, mishono bado ataipata.